Mwalimu, Wewe Ndiwe Uliyekuwa Shahidi wa Mama

Mwalimu wangu Daudi,

Nakuandikia ukiwa umeshazikwa, na najua barua haifiki huko uliko. Sijali. Naiandika wazi na nakuita kwa jina lako, na anayetaka kuisoma na aisome, maana lililotendeka baina yetu lilitendeka uwanjani mbele ya shule nzima. Halikutendeka chumbani.

Wiki iliyopita mwanao Petro alinipigia simu kutoka Taita. "Shikamoo, Bi Fatuma," akasema, kwa adabu nzuri, nikamwitikia marahaba, ndipo akanipa habari kwamba umefariki, mazishi yamekwisha, na mwezi ujao kutakuwa na misa ya kukukumbuka. Nililia, Mwalimu. Nisikufiche, nilikaa kitandani nikalia mpaka mjukuu wangu akaja kuuliza nani kafa. Kisha Petro akaniomba nije niseme machache juu yako, kwa kuwa mimi ndimi msichana wa kwanza wa Kiislamu uliyemsomesha pale shule ya misheni Changamwe. Nikamuuliza kanijuaje. Akacheka. "Ala! Baba alikuwa akitusimulia kila Krismasi, Bi. Habari za mama yako na minazi yake kumi na saba. Na vile alivyomwambia Padri kwamba amenunua mchanga tu."

Machozi yalinikauka papo hapo. Kumbe ulikumbuka! Miaka yote hiyo ulikumbuka idadi ya minazi, ulikumbuka nani kasema nini, na ukaifanya hadithi ya kuchekesha watoto baada ya kula! Nikamwambia mwanao nitampigia baadaye, nikaiweka simu chini.

Watoto wako uliwapa mwanzo. Mwisho hukuwapa. Basi nisikilize leo mimi, kama nilivyokuwa nikikusikiliza wewe.

Wewe ulitoka milimani, na kwenu, kama ulivyotueleza mwenyewe, mwenye ardhi ndiye mwenye kila kilichosimama juu yake. Kwetu sivyo. Kwetu ardhi yaweza kuwa ya huyu, nyumba iliyo juu yake ikawa ya yule, na minazi inayoizunguka ikawa ya mtu mwingine kabisa, na wote wakakaa kwa salama na wakarithisha watoto wao. Mama yangu, Bi Rukia, hakuwa na ardhi hata shibiri moja. Alikuwa na minazi kumi na saba aliyoachiwa na babake, pale juu kidogo ya nyumba za watu wa reli. Mwenye ardhi alikuwa tajiri wa mjini ambaye hatukupata kumwona, na siku moja tajiri huyo akaiuzia misheni kiwanja chake. Ndivyo shule ilivyokuja kwetu.

Uliletwa na Padri Ndevu, yule mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe, ili umfasirie, maana Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Mama alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi, na hakusimama. Babangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hakukuwa na mwanamume wa kuzungumza kwa niaba yake, na yeye hakumhitaji. Padri akasema amenunua kiwanja, hati anayo, na miti ataikata ajenge madarasa. Mama akafuta mikono kwa leso. "Mwambie Padri wako kanunua mchanga. Minazi ni yangu, na babangu kaipanda yeye hajazaliwa."

Ulijaribu kukificha kicheko kwa kukohoa. Lakini ulimfasiria neno kwa neno, hukupunguza hata moja, najua kwa sababu masikio ya Padri yaligeuka mekundu kabla hajacheka na yeye. Mimi nilikuwa mlangoni, nina miaka saba, na siku hiyo hiyo nikakupenda. Nilidhani wewe ni mtu asiyeogopa kulifikisha neno.

Mlikwenda mkirudi siku tatu. Mwishowe wakapatana. Minazi isikatwe, madarasa yajengwe katikati yake, nazi zikiangushwa ziwe za Mama. Na Fatuma asome pale tangu darasa la kwanza hadi mtihani wa kumaliza, bila kubatizwa na bila kubadilishwa jina. Wakati ule Waislamu wengi wa Changamwe hawakupeleka watoto misheni, na walikuwa na sababu, maana mtoto aliingia Mwanakombo akatoka Agnesi. Mama alitaka elimu bila kulipia kwa dini, na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuwekea sharti, aliweka minazi. Padri akakubali. Mama akakugeukia wewe. "Mwalimu, wewe ndiwe shahidi wangu." Ukaweka mkono kifuani ukasema, "Nimesikia, Bi Rukia. Na Mungu kasikia."

Karatasi hakuna aliyeitaja. Mjomba Omari alipopata habari alikuja akihema, akamshukia dadake. "We Rukia, una wazimu? Shahidi mmoja! Tena anakula kwa huyo huyo Padri! Sheria yataka wawili." Mama alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua uso.

"Mwalimu yule anatosha watu wawili," akasema.

Hukuyasikia maneno hayo, Mwalimu. Ndiyo nakwambia leo.

Na kwa miaka kadhaa ulitosha kweli, haki yako nakupa. Darasa lilianza chini ya makuti, kisha likapata kuta za mawe na paa la mabati, na sisi tulikaa ndani, watoto wa watu wa reli na watoto wa bandarini, Wataita, Wakamba, Wajaluo, Wagiriama, na mimi peke yangu na mtandio wangu. Waliniita Bi Minazi. Saa ya katekisimu ulikuwa ukinipa jicho, nami nikatoka nje taratibu nikakaa chini ya mnazi wa karibu na dirisha na kitabu ulichoniazima. Mara nyingine sauti yako ilinifikia pale pale, na ile sala ya Baba Yetu nikaijua kwa moyo pasipo kufundishwa. Nilipomsomea Mama alicheka akasema hakuna ubaya, ila nisimsomee Mjomba.

Wakumbuka siku za mkwezi? Mzee Kombo akifika na kamba yake kiunoni, masomo yalivunjika. Anapiga kelele kutoka juu, "Haya, vichwa ndani!" nawe unatukusanya barazani, kila nazi ikidunda chini tunahesabu kwa sauti moja, na wewe unazifanya hesabu: zikigawiwa watu wanane, kila mmoja ngapi, na zinazobaki ni sehemu gani ya zote. Mimi hesabu za sehemu nilijifunza kwa nazi za Mama. Padri Ndevu naye akitoka ofisini na bilauri yake kutaka dafu. Tulikuwa na raha, Mwalimu, na raha ile siikani.

Uliniambia nikiwa darasa la tano, "Fatuma, utakuwa mwalimu. Mimi nitakupeleka mwenyewe hadi chuo." Ulinena hivyo mbele ya Mama, ukiwa umeshika kikombe cha kahawa yake. Ulikuwa ukija barazani kwetu kila Jumapili baada ya misa, na Mama akikuwekea kaimati. Kwa hiyo usiniambie hukutujua.

Kisha ukaja mwaka ule kabla ya Uhuru. Padri Ndevu aliugua akarudishwa kwao, na mahali pake akaja Padri kijana, msafi, mwenye Kiswahili kizuri na haraka nyingi. Na mji ulikuwa umepasuka. Hawa wanataka Mwambao ujitenge, wale wanasema Kenya ni moja, na pale kwetu watu wa kanzu na watu wa reli, waliokuwa wakiazimana chumvi, wakaanza kutazamana kwa pembe ya jicho. Wewe ukaacha kuja kunywa kahawa. Mama akauliza kulikoni, akaambiwa wazazi wa bara wanasema Mwalimu Daudi ni mtu wa Waarabu. Waarabu! Mama yangu aliyekuwa akifua nguo za watu! Lakini akasema, "Mwacheni, mambo yatatulia, atarudi."

Asubuhi ya Jumatatu nilikuwa njiani kuja shule niliposikia mshindo wa kwanza. Nikadhani ni lori limepinduka. Wa pili nikaujua. Nilipofika, minazi minne ilikuwa chini, na watu wenye mashoka na msumeno walikuwa kwenye wa tano, na wanafunzi wote wamepangwa mstari pembeni wasije wakaumia. Padri kijana alikuwa akieleza kwa furaha kwamba shule lazima ipate uwanja, maana siku ya Uhuru watoto watapiga gwaride. Gwaride la Uhuru, Mwalimu! Minazi ya mjane inakatwa ili watoto wapate mahali pa kusherehekea haki.

Nani alikwenda kumwita Mama sijui. Alikuja na leso tu, bila buibui, na katika maisha yangu sikuwahi kumwona Mama barabarani bila buibui. Akasimama katikati ya minazi iliyolala.

"Nani kawaruhusu?"

"Mama, pole, lakini hii ni ardhi ya misheni," Padri akasema. "Hati ninayo ofisini."

"Ardhi sikatai. Minazi nilipatana na mwenzako, na mwanangu asome hadi mwisho. Shahidi yuko. Huyo hapo. Muulize."

Padri akakugeukia. "Mwalimu Daudi, palikuwa na mapatano kama hayo?"

Hata wenye msumeno waliacha kukata. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako. Nilikuwa na uhakika, nakuapia, nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

"Ni zamani, Padri," ukasema. "Sikumbuki vizuri."

Hukumbuki! Wewe uliyekuwa ukijua jina la kila mtoto wa shule ile na jina la babake na kijiji alichotoka! Wewe uliyekuwa ukitukumbusha nani aliazima penseli mwaka juzi! Sisi tukisema "nimesahau, Mwalimu," ulikuwa ukituchapa viganjani, na ukisema kusahau ni uvivu wa moyo. Tulichapwa miaka saba kwa neno hilo, na siku moja ulipolihitaji wewe ukalichukua bure.

Mama hakupiga kelele. Alikutazama muda, akasema, "Haya," akajifunika leso vizuri, akarudi nyumbani. Minazi kumi na tatu iliyobaki ilianguka kabla ya adhuhuri.

Na kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Mnazi ukikatwa, kileleni mna shaha, ule moyo mweupe, mtamu, ambao huupati mpaka mti ufe. Watoto waliurukia. Wakakata vipande, wakagawana, na mwenzangu mmoja akanipa kimoja mkononi, nami nikala. Nililia huku nakula, na kilikuwa kitamu. Nilirudi nyumbani nikakaa mbali na Mama nikiogopa asije akaunusa mdomoni mwangu. Hiyo nayo nimekubebea wewe, pamoja na mengine.

Juma lile lile Padri akaniita. Alinena kwa upole. Akasema kwa kuwa mapatano hayapo, hana budi kufuata utaratibu, nafasi za mtihani ni za watoto wa misheni, na kama napenda kufanya basi nibatizwe kabla ya mwisho wa mwezi. Jina lilikuwa limeshachaguliwa, ati Teresia. Nikuambie kweli? Mimi ningekubali. Nilikuwa tayari kuitwa Teresia, Maria, hata Bakari, mradi niufanye ule mtihani, na mambo ya Mungu nitayatengeneza na Mungu mwenyewe baadaye. Nilimwambia Mama hivyo. Hakunipiga. Alisema, "Wakikupa mtihani kwa jina hilo, aliyefaulu hatakuwa wewe." Nikamchukia kwa mwaka mzima, Mwalimu. Chuki iliyokuwa yako ilimwangukia yeye.

Siku ya mtihani nilikuja. Nilivaa sare yangu, nikasimama nje ya darasa, mahali palipokuwa na mnazi wangu wa katekisimu na sasa pana kisiki tu. Nilikuona ukigawa karatasi. Ulifika dirishani, ukaniona, tukatazamana. Ukafunga dirisha. Labda ulikuwa upepo. Nimejitahidi sana kuamini kwamba ulikuwa upepo.

Yaliyofuata unayajua, au uliyasikia. Uhuru ulikuja, gwaride likapigwa, wewe ukafanywa mwalimu mkuu. Mimi nilifunzwa cherehani na shangazi yangu, na kazi ya kwanza ya maana niliyopata ilikuwa kushona sare za shule ile ile. Nilizishona miaka kumi na miwili. Nikavijua vipimo vya mabega ya watoto ambao wangekuwa wanafunzi wangu. Baadaye shule ikatoka mikononi mwa misheni, ikadhoofika, ikafungwa, na kiwanja kikauzwa tena na tena. Leo ni maegesho ya malori. Nilipita pale mwaka jana, na kijana wa langoni akaniuliza, "Mama, unatafuta nani?" Nikamwambia palikuwa na shule hapa. Akasema haiwezekani.

Mama hakukusema vibaya hata siku moja. Hilo ndilo linaloniunguza zaidi. Kila nilipokutaja kwa hasira alinikatiza. "Mwalimu alikuwa na watoto wadogo. Nyumba aliyolala ni ya misheni. Angesema, wangelala wapi?" Alikufa akikutetea. Yeye alikusamehe, na ni haki yake, minazi ilikuwa yake. Lakini mtihani ulikuwa wangu, na mimi hakuna aliyenijia kuomba radhi.

Nafasi ulikuwa nazo. Tulikutana sokoni Magongo, nimeshakuwa mama wa watoto watatu, ukanishika mkono kwa furaha. "Fatuma! Mama yu hali gani?" Nikakuambia amefariki. Ukavua kofia. "Alikuwa mama mwema sana." Nikangoja. Niliweka kikapu chini kabisa, nikangoja, muuza ndizi akatuuliza kama tunanunua au tunamzibia njia. Ukaangalia saa yako, ukasema gari la Voi linakuacha. Neno moja tu lingetosha pale, Mwalimu! Ungesema tu "nilikumbuka," mimi ningebeba kikapu changu nikaenda nyumbani nikiwa mtu mwingine.

Juzi nimempigia Petro. Nimemwambia nitakuja misani, na nimemwambia mwisho wa hadithi, kwa utulivu, bila kutia chumvi. Kisha akasema, "Bi Fatuma, tafadhali. Watu watakuwa wengi, wajukuu wake watakuwepo. Njoo utuambie mazuri. Hilo lingine tuliache." Aliomba kwa heshima, na sauti ni yako tupu. Nikaona jinsi ilivyo rahisi. Mtu anakuangalia kwa macho ya kuomba, nawe unasahau kidogo tu, kwa ajili ya amani.

Nikamwambia, "Mwanangu, ukitaka nusu, tafuta mwingine. Sisi Waislamu tumefunzwa kutoa ushahidi hata ukimuumiza mzazi wako." Akaniaga.

Leo asubuhi amenipigia tena. Hakulala, nadhani. Alisema maneno machache tu. "Njoo, Bi. Useme yote. Watoto nitawaketisha mbele."

Basi nakuja, Mwalimu. Nitawaambia kwamba mkono huu unaoandika ni kazi yako, na kwamba nilikupenda kuliko wajomba zangu wote. Kisha nitawaambia kwamba siku uliyoitwa ulikumbuka, na ukakana. Kwa nini ulikana sitasema. Hilo lilikuwa lako kulisema, na Mungu alikupa umri mrefu wa kulisemea.

Akurehemu Yeye. Mimi bado nina hasira nawe, na bado nikisoma chochote nasikia sauti yako.

Mwanafunzi wako,
Fatuma, bintiye Bi Rukia
Changamwe